Baba Ahamie Mtaa Upi

14 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na huyo mpwa wangu niliyesikia ameng'oka meno mawili ya mbele na bado hanyamazi. Sisi huku hatujambo. Wifi yako alikuwa na kikohozi, sasa amepona. Mtoto wetu mkubwa ameanza kunirekebisha lugha ya huku mbele za watu. Kazini lifti zinakwama na sisi tunazikwamua. Wiki iliyopita nilikwama mwenyewe, ghorofa ya saba, na bibi mmoja mwenye mbwa. Mbwa alitulia, bibi alitulia, fundi ndiye aliyetokwa jasho.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Nilipata barua ya Baba ya mwezi wa kumi na mbili. Mwandiko wake ni uleule, mzuri kama wa karani. Anasema mwenye nyumba anaitaka nyumba yake ifikapo mwezi wa sita, na kwamba nisihangaike. Nitaachaje kuhangaika? Nimezungumza na wifi yako, tumekubaliana tumnunulie Baba nyumba, na wewe na shemeji mhamie pamoja naye ili asibaki peke yake.

Dalali ameniandikia kuwa ziko mbili. Moja iko mtaani kwetu, mtaa wa kiwanda, ile ya kona karibu na kinyozi. Nyingine iko ng'ambo ya barabara kuu, mtaa wa tangi. Wewe unajua, mtaa wa tangi mimi sijawahi kuingia zaidi ya hatua hamsini, mbwa walikuwa wanatutoa mbio. Nenda kaziangalie zote mbili. Usiangalie kuta tu, angalia na mtaa wenyewe, watu wake, maji yake, njia zake. Niandikie ulivyoona, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi mtaa wa kiwanda naukumbuka kwa kelele. Nilisomea mitihani yangu yote nikiwa na vidole masikioni. Baba amekaa kwenye makelele yale miaka arobaini akitengeneza redio za watu, na ningependa uzeeni apate utulivu. Lakini wewe ndiye uliye huko. Simu ya posta usinipigie, dakika zote zinaishia kwenye salamu.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua wiki nne, nadhani imekuja kwa miguu. Sisi wazima. Shemeji yako amepunguza sukari kwenye chai na ameongeza kulalamika. Mpwa wako anasema Mjomba akija amletee lifti, ndogo tu. Mimi nashona sare za shule, mpaka nikilala naota kola.

Haya, nyumba zako. Nilikwenda Jumamosi na dalali. Nilivaa viatu vya kwendea harusini, maana watu wa mtaa wa tangi wanaanza kukutazama miguuni.

Nianze na kwetu. Nyumba ya kona ina vyumba vitatu na imeshikana ukuta na kinyozi. Bati lina matundu mawili ninayoyajua na mengine ambayo dalali alisimama juu ya mwanga wake sakafuni nisiyaone. Nilisimama sebuleni nikasikiliza: redio ya kinyozi, mashine ya kusaga, nyundo za wachomeleaji, mama wa duka la kona akigombana na mtu wa mikate, na yule fundi baiskeli anayepiga mluzi wimbo mmoja tangu tuko shule ya msingi na hajaumaliza. Maji yanatoka siku tatu kwa wiki. Mtaro wa mbele unanuka, nisikufiche. Watu unawajua. Ukipiga chafya asubuhi, mchana wanakuja kukupa pole ya kulazwa. Nilipotoka, watu wanne waliniuliza nimekuja kufanya nini, na wa tano alishajua.

Sasa mtaa wa tangi. Ukivuka barabara kuu tu, kelele zinakatika. Sitii chumvi. Unasikia viatu vyako mwenyewe. Kuna lami mpaka mlangoni, taa za barabarani zinazowaka kweli, na miti iliyopandwa kwa mstari. Kila nyumba ina ukuta, na kuta zote zina urefu mmoja na rangi moja, nadhani walimwajiri mpaka rangi yuleyule. Maji yapo siku zote. Nilifungua bomba nikaliacha litiririke kidogo, nione tu. Watu wanasalimiana kwa kuinua kidole kimoja kwenye usukani. Waliokuwa wanatembea kwa miguu ni mimi na mlinzi. Jirani, mke wa daktari wa meno, aliniuliza kupitia upenyo wa geti kama natafuta kazi ya kufua. Nikamwambia natafuta nyumba. Akasema karibu, kwa sauti ya kumuaga mtu.

Lakini nyumba yenyewe, mdogo wangu. Vyumba vinne, veranda pana, jiko la vigae vyeupe. Nyuma kuna chumba kidogo chenye dirisha kubwa, mwanga wake ungefaa sana kushonea. Nilikaa mle ndani mpaka dalali akaniuliza kama najisikia vibaya.

Ukitaka neno langu, kwetu kuna watu na kule kuna nafasi. Kama ni mimi ningechukua ya mtaa wa tangi hata kesho. Nina miaka arobaini na sita na sijawahi kupumzika mchana mmoja bila nyundo kichwani. Nimechoka.

Baba hajambo. Bado anakaa barazani na pasi zake na redio zake, na wateja bado wanamjia. Nilimuuliza anapendelea wapi, akasema popote tutakapochagua sisi. Kuna jambo nilitaka kuongeza hapa, lakini nina kola dazeni nzima zinanisubiri. Msalimie wifi yangu, mwambie kikohozi anywe vitu vya moto.

Dada yako


2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Sote wazima huku, na wifi yako anakushukuru. Nilimsomea habari ya mke wa daktari wa meno akacheka mpaka akaanza kukohoa upya.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba kelele zinakatika, niliweka barua chini. Nilimwandikia dalali siku ileile. Tunachukua ya mtaa wa tangi. Ile ya kona amenijulisha kwamba wauza saruji walikuwa wanaitaka wafanye ghala, na walikuwa wanasubiri tu sisi tuseme hapana. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Umesema kuna jambo ulitaka kuongeza. Kama ni bati au bomba, niandikie upesi kabla sijatia saini. Kama ni jambo jingine, nadhani linaweza kusubiri.

Mwambie Baba chumba chenye veranda ni chake.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumehama salama. Mkokoteni ulifanya safari tatu, na safari ya mwisho ilikuwa ya makopo ya Baba tu, yale ya skrubu na vipande vya waya. Nilimwambia mengine atupe. Alikaa juu ya mkokoteni akayapakata.

Watu wa mtaani kwetu walitusindikiza. Kinyozi alifunga duka, wachomeleaji walikuja na miwani yao kichwani. Walifika mpaka barabara kuu wakasimama pale. Hakuna aliyewakataza kuvuka.

Chumba cha kushonea ni kizuri kuliko nilivyokikumbuka. Mpwa wako anaendesha baiskeli barabarani na hakuna cha kumgonga. Shemeji yako ameanza kunyoa kila siku, anasema mlinzi anamtazama.

Meza ya Baba tumeiweka verandani. Wateja bado hawajazoea njia. Mtu akija na pasi yake, mlinzi wa barabara anamuuliza anakwenda kwa nani, anasema kwa Fundi Waya, na mlinzi anasema hapa hakuna nyumba ya Fundi Waya. Watu wa mtaa huu wenyewe, pasi ikiharibika, wananunua nyingine. Baba hajambo. Anakaa sana. Anasema viti vya huku ni vizuri.

Dada yako


30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilinifurahisha kupita kiasi. Ile picha ya geti mliyoiambatanisha nimewaonyesha wenzangu wote kazini, hata yule msimamizi asiyetabasamu. Nilimwambia hapo ndipo anapoishi baba yangu. Jioni nikiwa nasubiri kulala namfikiria kakaa verandani, hakuna nyundo, hakuna mashine, na moyo wangu unatulia.

Mbona haandiki? Mwambie hata mistari miwili inatosha. Au kama amechoka, akuambie wewe umwandikie. Si lazima iwe kwa mkono wake.

Watoto wanawasalimu Shangazi na Babu.

Mdogo wako


3 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara tano tangu mwezi wa saba. Sote tuna afya, mpwa wako meno yameota, shemeji yako yupo. Sasa niache niseme.

Baba haoni. Sisemi macho yamepungua nguvu, nasema haoni. Jicho la kushoto lilikwisha miaka minne iliyopita, la kulia likafuata mwaka jana, na hospitali walisema tumechelewa. Alinishika mkono akaniapisha: "Mdogo wako asijue." Nikaapa. Siku niliyokuandikia kulinganisha mitaa nilikuwa najua, na nikakuandikia habari za vigae.

Utauliza alikuwa anatengenezaje redio. Kwa vidole. Kukiwa na waya wa rangi, alikuwa anamwambia mteja, "Hebu nishikie huo mwekundu, na wewe ujifunze kidogo," na mteja anaushika. Alijua kwamba wanajua, na wao walijua kwamba amejua, na hakuna aliyewahi kulitaja. Unakumbuka mtaani kwetu kila mtu anavyoita kwa kazi yake? Ilianza kama mchezo, sijui nani aliuanzisha. Baba akitoka asubuhi, fundi baiskeli anaita, "Fundi, baiskeli hapa." Hatua ishirini, mama wa duka anaita, "Fundi, mkate hapa." Kisha nyundo zinamwambia ageuke kushoto, kisha kinyozi anaongeza sauti ya redio mpaka Baba amepita mtaro, halafu anaipunguza. Alikwenda posta, alikwenda kuswali, alikwenda kununua risasi ya kulehemia, na kurudi, peke yake, hajagongwa na mtu. Kelele zile tulizozichukia mimi na wewe ndizo zilizokuwa zinamtembeza.

Huku hakuna sauti. Miezi miwili ya kwanza hakuvuka geti. Mwezi wa saba, siku ya Jumanne mchana, mimi niko kwenye chumba changu kizuri nashona, akatoka. Alishika ukuta wetu, ukaisha, akashika wa jirani. Kuta zote ni sawa, nilikuandikia mwenyewe, nikaona ni sifa. Alipopotea akaanza kupapasa mageti akitafuta letu, akibonyeza kengele moja baada ya nyingine. Mtu mmoja akapiga simu kwamba kuna mzee anajaribu mageti ya watu. Walinzi wawili walimrudisha wamemshika makwapani, na mmoja akaniuliza, "Mama, huyu ni wa kwenu?" Kanzu yake ilikuwa imelowa. Nikasema ni wa kwetu. Baba akasema, "Samahanini sana jamani, nimewasumbua," akawapa mkono upande ambao hawakuwepo.

Tangu siku hiyo hatoki, hata verandani. Ameacha bisibisi. Anakaa chumbani na makopo yake kitandani.

Kiapo si sababu, mdogo wangu, usinionee huruma kwa hicho. Ningetaka, ningeandika tu: chukua ya kona. Maneno matatu, bila kuvunja kiapo cha mtu. Sikuyaandika kwa sababu nilikitaka kile chumba cha nyuma. Sasa nikikaa mle nashona mishono imepinda.

Dada yako


11 Novemba

Shikamoo Dada.

Barua yako ilifika, nikakaa nayo wiki tatu. Kwanza nilikuandikia barua ya hasira, kurasa nne. Nilikuuliza ulipata wapi moyo wa kunificha jambo kama hilo. Nikaisoma, nikaichana, kwa kuwa ilikuwa ya uongo kuanzia mstari wa kwanza.

Nilikuandikia mwezi wa kwanza kwamba mwandiko wa Baba ni uleule. Haukuwa uleule. Mstari wa pili aliuandika juu ya wa kwanza. Wa tatu ulishuka ukatoka nje ya karatasi, neno la mwisho aliliandikia mezani. Niliigeuza ile barua kwenye taa kama mtu anayetafuta ufa. Wifi yako alikuwa nyuma yangu, akasema, "Huyu mzee haoni." Nikamwambia ameandika akiwa na haraka.

Nilijua, Dada. Nilijitia hamnazo. Kujua kungenilazimu kuja, na hapa ukiondoka mwezi mmoja unarudi kukuta mwingine anafanya kazi yako. Nyumba ilikuwa njia yangu ya kutokuja. Nilikutuma ulinganishe mitaa ili tuwe na jambo la kuandikiana. Ulipotaja kuna jambo unataka kuongeza, niliomba Mungu usiliongeze, ndiyo maana nikakuambia linaweza kusubiri. Usikilaumu kile chumba peke yake.

Tafuteni chumba cha kupanga mtaa wa kiwanda, popote pale mradi ni mtaani kwetu. Hiyo nyumba ikae hata tupu. Mrudishe.

Na barua hii msomee yote, usiruke kitu. Sitaki aendelee kuficha jambo ambalo halikuwa limefichika. Mwambie nitakuja mwaka ujao, Mungu akipenda, mambo ya likizo yakikaa sawa.

Mdogo wako


8 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwaka mpya tumeuona, tunashukuru. Mpwa wako amekuwa wa tatu darasani na ametutangazia wote, hata mlinzi.

Chumba tulikipata nyuma ya fundi baiskeli, tukahama kabla mwezi haujaisha. Mimi nalala huko na Baba, shemeji yako na mtoto wamebaki mtaa wa tangi, chumba hakitutoshi wote. Habari zilienea kabla hatujafika. Asubuhi ya kwanza wote walikuwa milangoni, kila mtu amekaa tayari kuita.

Baba alioga, akavaa kanzu nyeupe, akasimama kizingitini. Fundi baiskeli akaita. Baba akatabasamu, akatoka, akaenda hatua tisa. Mama wa duka akaita, "Fundi, mkate hapa." Lakini pale kona, kwenye ile nyumba tuliyoikataa, kulikuwa na malori mawili yanashusha saruji, injini zinanguruma. Redio ya kinyozi haikusikika. Nyundo hazikusikika. Mama wa duka aliita tena, mara hii karibu alie. Baba akageuza kichwa huku, akageuza huku, akarudi hatua moja. Ameishi mtaa ule miaka arobaini, akaniuliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Nishike."

Tumejaribu kila siku. Malori yakiwa hayapo ni vilevile. Ile njia imemtoka, mdogo wangu. Miezi saba ya kukaa imeifuta. Fundi baiskeli anasema itarudi taratibu. Mimi namwona Baba anavyoweka mguu, kama anayeogopa sakafu, na sidhani.

Jumapili nilimsomea barua yako. Nilifikiria kuruka maneno kadhaa, kisha nikaona tumeruka vya kutosha. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika pale unaposema ulijua, akainua mkono, akataka nirudie. Nikarudia. Akataka tena habari ya neno la mwisho lililoandikwa mezani. Nikamsomea tena.

Akauliza, "Ile barua yangu niliandika lini?"

"Desemba ya mwaka juzi, Baba."

Akaanza kuhesabu miezi kwa vidole, taratibu, midomo inacheza. Vidole vikaisha, akaanza upya mkono wa kwanza. Alipofika mwezi huu akaikunja mikono yote miwili akaiweka magotini.

"Unajua kwa nini nilikuapisha?" akasema. "Nilikuwa na hakika akijua tu, ataacha kila kitu aje."

Hakusema kwa hasira. Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza na bila kupunguza. Mimi ni dada yako tu, hilo siwezi kukujibia.

Dada yako